Barry Sanders: aliyeondoka kwa miguu yake

(Hotuba kwa wazazi na vijana wanaozungumza Kiswahili, Michigan)

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, kaka na dada, na ninyi vijana mliojipanga huko nyuma karibu na mlango, habari za jioni.

Mwenyekiti alinipa mada ya michezo na maisha. Nikamwambia mada hiyo tukiifungua yote tutakesha hapa, na kesho watu wana zamu za asubuhi. Akaniruhusu niipunguze. Kwa hiyo leo nitazungumzia kazi moja na mtu mmoja. Kazi ni ya mkimbiaji katika futiboli ya Kimarekani, yule anayekabidhiwa mpira nyuma ya wenzake na kuambiwa apite nao katikati ya watu. Mtu ni Barry Sanders, aliyeifanya kazi hiyo Detroit kwa miaka 10, kisha akaiacha ghafla akiwa bado anaiweza. Watoto wetu wanavaa jezi yake namba 20 ilhali wengi wao walizaliwa baada ya yeye kustaafu. Nawasikia pia wakibishana kwa nini aliondoka, kana kwamba ni fumbo. Mimi sioni fumbo. Naona mtu aliyeijua kazi yake ilivyo.

Kwa wazee ambao mpaka leo mnauona mchezo huu ni ugomvi uliowekewa refa, nieleze kidogo. Timu ina watu 11 uwanjani. Wanapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, yaani mita tisa na kidogo. Wakifaulu wanapewa mengine manne, wakishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Njia za kuusogeza ni mbili: kuurusha hewani, au kumpa mkimbiaji. Kwotabeki, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, anaupokea, anageuka, anamsokomezea mkimbiaji tumboni, na kuanzia hapo yote yanaisha ndani ya sekunde chache. Mbele yake kuna wanaume watano wa mstari wa mbele, majitu ya kilo 130 na zaidi, wanasukumana na majitu mengine ya uzito uleule ili upatikane mwanya. Mwanya ukifunguka haungoji mtu. Na upande wa pili wa mwanya kuna mchezaji mwingine, mwepesi kuliko hao, ameshauona naye, anakuja mbio bega likiwa mbele.

Mkimbiaji akipata yadi nne, wenzake wanampiga piga mgongoni kwa pongezi. Yadi nne! Na mara nyingi anazipata akiwa amegongwa mara mbili, ya kwanza akiwa wima na ya pili akiwa anaanguka. Anainuka, anarudi kwa wenzake, na dakika haijaisha anakabidhiwa mpira tena. Mkimbiaji mkuu wa timu anaweza kupewa mpira mara 300 kwa msimu mmoja. Hapo sijahesabu mazoezi, wala zile mara ambazo hana mpira ila anatakiwa kumzuia mtu asimfikie kwotabeki.

Chama cha wachezaji kwa miaka mingi kimekuwa kikitaja wastani wa miaka miwili na nusu hivi kwa mkimbiaji kudumu katika NFL, ligi kuu ya mchezo huu. Ligi ina hesabu zake zinazotoa miaka mingi zaidi. Wabishane wenyewe. Hata ukichukua hesabu ya ligi, fundi bomba aliyeanza kazi siku moja na mkimbiaji huyo ndiyo kwanza anaanza kuaminiwa na wateja wakati mwenzake anatafuta kazi nyingine.

Sasa Barry. Alizaliwa Wichita, Kansas, tarehe 16 Julai 1968, mtoto wa saba kati ya 11. Baba yake, William, alikuwa seremala na fundi wa kuezeka mapaa, na wanawe wa kiume aliwapandisha juu ya paa wafanye naye kazi kwenye jua la kiangazi. Mzee huyu alikuwa na msimamo ambao hakuubadilisha hata mwanawe alipokuwa gumzo la nchi nzima: mkimbiaji bora wa wakati wote ni Jim Brown wa Cleveland, basi. Wazazi mliopo hapa mnacheka kwa sababu mmemwelewa. Wangapi kati yetu tumewahi kumsifia mtoto mbele yake?

Barry alikuwa mfupi. Hata alipokomaa alifika sentimita 173 tu, uzito kilo 92. Shuleni, makocha hawakumweka katika nafasi ya mkimbiaji mpaka mwaka wake wa mwisho, tena msimu ukiwa umeshaanza. Vyuo vingi vikampita kwa sababu ya kimo. Oklahoma State wakamchukua, na huko akakaa miaka miwili nyuma ya mkimbiaji mwingine, Thurman Thomas, ambaye naye baadaye aliingia katika Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huu. Ilipofika zamu yake mwaka 1988 akakimbia yadi 2,628 katika mechi 11. Rekodi hiyo ya vyuo bado imesimama. Mwaka 2024 kijana wa Boise State, Ashton Jeanty, aliikaribia hadi zikabaki yadi 27, lakini yeye alicheza mechi 14. Tuzo ya Heisman, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo, ilimkuta Barry akiwa Tokyo, kwa kuwa timu yake ilikwenda kucheza mechi Japani. Wanaomfahamu wanasema hakuwa na hamu na sherehe hizo. Naamini, kwa sababu ya yaliyofuata.

Mwaka 1989, timu za NFL zilipochagua kwa zamu wachezaji waliotoka vyuoni, Detroit Lions walimchagua wa tatu. Fungu la kumi la malipo yake ya kusaini mkataba alilipeleka kanisani kwao Wichita, na mkataba ule ulikuwa wa mamilioni.

Msimu wa kwanza ukafika mechi ya mwisho, kule Atlanta, mkesha wa Krismasi. Lions wanaongoza, mechi imekwisha kwa maana ya matokeo. Benchi likagundua kwamba Sanders amebakiza yadi 10 kumfikia anayeongoza ligi nzima kwa mbio. Kocha Wayne Fontes akamuuliza kama anataka kurudi uwanjani kuzichukua. Akajibu kwa adabu kwamba wamalize tu mechi waende nyumbani. Akabaki na yadi 1,470. Aliyechukua taji la mwaka ule kwa yadi 1,480 alikuwa mwana wa Afrika, Christian Okoye wa Kansas City, mzaliwa wa Enugu, Nigeria. Okoye alikuja Marekani kurusha kisahani. Nchi yake haikumchagua kwenda Olimpiki ya 1984, ndipo akajaribu mchezo ambao hakuwahi kuucheza utotoni, akiwa na umri wa miaka 23. Alikuwa na kilo karibu 118, na mabeki walimwogopa kwa haki. Alicheza misimu sita tu. Mwili mkubwa vile, na bado sita.

Vijana, nyie mmeona video za Sanders, lakini wazazi wenu hawajaziona, kwa hiyo niruhusuni niwaeleze jinsi Sanders alivyokimbia. Wakimbiaji wengi hufuata njia iliyochorwa ubaoni: mwanya uko kulia, nenda kulia, inamisha kichwa, gonga. Sanders akifika kwenye mwanya akaukuta umeziba, alisimama. Alisimama kabisa, miguu miwili chini, mapaja yake mazito yakiwa yamejikunja, mtu anayemjia kwa kasi akapita patupu mbele yake, naye akaanza upya kuelekea upande wa pili kana kwamba hakuna lililotokea. Mabeki walikuwa kama watoto wanaomkimbiza kuku uani siku ya mgeni. Wakati mwingine alikimbia yadi 20 za kuzunguka ili apate yadi tatu za mbele. Na wakati mwingine alikamatwa nyuma ya pale alipoanzia, timu ikarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Ilimtokea zaidi ya mara 300. Makocha wa kale walinung'unika. Mimi nasema bei hiyo ilikuwa halali, maana mtu aliyekamatwa nyuma mara 300 alimaliza kazi yake akiwa na wastani wa yadi tano kila alipokabidhiwa mpira.

Tafuteni mechi ya tarehe 5 Januari 1992 dhidi ya Dallas Cowboys, katika uwanja wa Silverdome kule Pontiac. Karibu na mwisho, anapewa mpira, anazama katikati ya jezi za Dallas. Unaona mikono imemshika, unaona kundi limemfunika, mtazamaji yeyote angesema mchezo umesimama. Halafu anachomoka. Mpira anao, wale waliomshika wanashikana wenyewe, naye anaambaa yadi 47 mpaka mstari wa mwisho. Lions walishinda 38 kwa 6. Alipofika kule hakucheza ngoma, hakuutupa mpira chini. Alimkabidhi refa, kama alivyofanya kila mara alipofunga tachidauni, yaani alipouvusha mpira mstari wa mwisho, akarudi benchi.

Mechi ile ndiyo mechi pekee ya mtoano ambayo timu yake ilishinda katika miaka yake yote 10. Moja! Na baada yake Lions hawakushinda nyingine ya mtoano mpaka Januari 2024. Mtoto aliyezaliwa usiku ule wa Silverdome alikuwa amefikisha miaka 32.

Tufike sasa penye uzito. Watu wakieleza kwa nini Sanders aliondoka, husema timu ilikuwa mbovu. Ni kweli, ilikuwa mbovu. Lakini timu mbovu ina maana gani kwa mkimbiaji? Kwotabeki katika timu mbovu anapata aibu. Mkimbiaji katika timu mbovu anapigwa. Wale watano wa mbele wakiwa dhaifu, anayelipa ni mbavu zake.

Na wale watano wa Detroit walipatwa na makubwa. Novemba 1991 Mike Utley, mmoja wa waliokuwa wakimfungulia Sanders njia, alianguka vibaya katika mechi dhidi ya Rams, shingo ikaumia, akapooza. Alitolewa kwenye machela akiwainulia watu dole gumba. Miezi michache baadaye, Juni 1992, Eric Andolsek, mwingine wa mstari uleule, alikuwa akishughulika na majani mbele ya nyumba yake huko Louisiana, lori likaacha barabara likamuua. Kevin Glover, aliyekuwa anauanzisha mpira katikati ya mstari na ambaye alikuwa rafiki mkubwa wa Sanders, klabu ilimwacha aende Seattle mwaka 1998.

Halafu kuna tarehe 21 Desemba 1997. Msimu ule ulikuwa wa maajabu. Mechi mbili za mwanzo Sanders alipata yadi 53 tu kwa jumla, watu wakaanza kunong'ona kwamba miaka 29 imemfika. Kilichofuata ni mechi 14 mfululizo, kila moja akivuka yadi 100. Timu ya Tampa aliifunga mara mbili katika mechi moja kwa mbio za yadi 80 na zaidi. Siku ya mwisho, nyumbani dhidi ya New York Jets, akavuka yadi 2,000, mtu wa tatu kufika huko katika historia ya ligi, baada ya O. J. Simpson na Eric Dickerson. Wachezaji wenzake walimbeba. Alimaliza na 2,053, na tuzo ya mchezaji bora wa mwaka akagawana na Brett Favre.

Siku hiyohiyo, kwenye uwanja huohuo, Reggie Brown wa Detroit, kijana wa miaka 23, alimgonga mpinzani akabaki chini. Uti wa mgongo shingoni ulikuwa umeumia, akaacha kupumua. Madaktari walimpa pumzi pale pale kwenye nyasi bandia, maelfu ya watu wakiwa kimya. Mungu alimsaidia, alifanyiwa upasuaji na akaja kutembea tena, ila hakucheza tena. Mimi nikiitazama siku ile siwezi kuitenganisha: kilele cha Sanders na Reggie Brown amelala pale, saa zilezile. Sanders mwenyewe alikuwa hapo anatazama.

Msimu wa 1998 alikabidhiwa mpira mara 343, akapata yadi 1,491. Timu ilishinda mechi tano, ikapoteza 11. Alikuwa na miaka 30. Kwa jumla ya maisha yake alikuwa na yadi 15,269, na rekodi ya dunia ya mchezo huo, ya Walter Payton wa Chicago, ilikuwa 16,726. Toa moja katika nyingine: zimebaki 1,457. Kwa mtu ambaye hajawahi kupata chini ya yadi 1,000 kwa mwaka, huo ni msimu mmoja wa kawaida. Nchi nzima ilikuwa imekaa mkao wa kuhesabu.

Tarehe 27 Julai 1999, kambi ya mazoezi ikikaribia kufunguliwa, gazeti la nyumbani kwao, Wichita Eagle, likapokea faksi. Barua fupi. Alisema sababu yake ni nyepesi: hamu ya kuondoka imezidi hamu ya kubaki. Yeye mwenyewe alikuwa safarini, London.

Hapa nataka nitoe maoni yangu, na wazee mtanisamehe kama hamkubaliani nami. Faksi ile namlaumu nayo. Sisi tumelelewa kwamba mtu haondoki bila kuaga. Kulikuwa na watu Detroit, wauza soseji nje ya uwanja, wafanyakazi wa viwanda vya magari waliojinyima ili wapate tiketi, waliostahili kumwona uso wake siku hiyo. Wengine walikaa na kinyongo miaka mingi. Klabu nayo haikumwachia aende kuchezea timu nyingine, ikadai irudishiwe dola milioni 5.5 za malipo ya kusaini, na msuluhishi akaamua mwaka 2000 kwamba azirudishe kwa awamu kadiri atakavyoendelea kukaa nje. Alikaa nje. Kwa hiyo kuondoka kulimgharimu rekodi, kulimgharimu fedha, na kulimgharimu mapenzi ya mji.

Lakini kuondoka kwenyewe simlaumu hata kidogo, na nitawaambia kwa nini. Kiangazi kilekile, mkimbiaji bora kuliko wote waliokuwa wakicheza alikuwa Terrell Davis wa Denver. Alichaguliwa wa 196 mwaka 1995, akapanda hadi kuwa mchezaji bora wa mwaka 1998 kwa yadi 2,008, na pete mbili za ubingwa wa Super Bowl, fainali ya ligi, kidoleni. Ana miaka 26. Tarehe 3 Oktoba 1999, mpira wa timu yake ukanaswa na wapinzani, Davis akakimbia kumkamata aliyeunasa, goti likageuka. Kano zikakatika. Hakuwahi kuwa yule tena. Misimu yake minne ya kwanza alipata yadi 6,413. Yote yaliyobaki hayakufika 1,200. Kutoka faksi ya Sanders hadi goti la Davis haikupita hata miezi mitatu.

Au mtazameni Earl Campbell wa Houston. Mtoto wa Tyler, Texas, mapaja kama magogo, alipenda kuwapitia watu katikati ya kifua. Mwaka 1980 walimpa mpira mara 373, akaleta yadi 1,934. Alicheza misimu minane. Baada ya hapo mgongo, magoti, upasuaji baada ya upasuaji, na akiwa bado mtu mzima wa makamo alihitaji gongo na kiti cha magurudumu. Waliomshangilia akiwapitia watu kifuani walikuwa wameshahamia kwa mkimbiaji mwingine.

Walter Payton mwenyewe, mwenye ile rekodi, alifariki tarehe 1 Novemba 1999 kwa ugonjwa wa ini na nyongo, akiwa na miaka 45. Ugonjwa wake haukutokana na mpira, simuingizi katika hesabu hii. Namtaja kwa sababu alikuwa mtu wa ajabu: misimu 13, na mechi aliyoikosa ni moja. Kila mkimbiaji anaambiwa anaweza kuwa Payton. Rekodi yake ilivunjwa na Emmitt Smith mwaka 2002.

Vijana, najua mnachotaka kusema: hayo ni ya zamani, siku hizi kuna fedha. Haya, tuzungumzie fedha. Tangu makubaliano ya 2011, mchezaji mpya husaini miaka minne kwa mshahara unaopangwa na nafasi aliyochaguliwa. Akichaguliwa raundi ya kwanza, klabu inaweza kuongeza mwaka wa tano. Baada ya hapo klabu inaruhusiwa kumfunga kwa mwaka mmoja mmoja kwa malipo ya kiwango maalumu, asiende kokote. Kwotabeki hilo halimsumbui sana, ana miaka 15 mbele yake. Mkimbiaji, hapo wamekula nyama na kumwachia mifupa. Mwaka 2023 Saquon Barkley wa New York Giants na Josh Jacobs wa Las Vegas walifungwa hivyo kwa dola milioni 10 na kidogo, na wakimbiaji wa ligi wakakutana kwa mtandao kulalamika. Zinaonekana nyingi, ndiyo. Lakini Barkley alikuwa tayari ameshakatika kano za goti mwaka 2020, na alijua kwamba kila mwaka wa kufungwa ni mwaka mmoja wa miguu yake umekwenda.

Giants wakamwachia. Philadelphia Eagles wakamchukua 2024, na jamaa akakimbia yadi 2,005. Ilipofika mechi ya mwisho alikuwa amebakiza yadi 101 tu kuvunja rekodi ya msimu ya Eric Dickerson, 2,105, iliyodumu tangu 1984. Kocha akampumzisha. Barkley hakugoma. Alikaa benchi na kofia kichwani, na wiki tano baadaye, Februari 2025, akashinda Super Bowl. Mwezi uliofuata alisaini nyongeza ya miaka miwili ya dola milioni 41.2, mkimbiaji wa kwanza kuvuka milioni 20 kwa mwaka. Nilipomwona ameketi pale nilimkumbuka Sanders kijana, kule Atlanta mwaka 1989. Tofauti ni kwamba Barkley alipumzishwa na timu yenye kitu cha kumtunzia. Detroit ya Sanders haikuwa na kitu cha kumtunzia.

Sanders, kwa taarifa yenu, aliingia Ukumbi wa Mashujaa huko Canton, Ohio, mwaka 2004, akitambulishwa jukwaani na baba yake. Mzee William alikuwa bado na Jim Brown wake. Detroit nao walipatana naye, na Septemba 2023 sanamu yake ikasimamishwa nje ya uwanja wa Ford Field. Alihudhuria mwenyewe, anatembea vizuri.

Sasa wazazi, kwa sababu najua fomu za shule ziko mezani kwenu. Mtoto wako akisema kocha amemweka mkimbiaji, usikatae palepale, na usikubali palepale. Muulize kocha anampa mpira mara ngapi kwa mechi, na kama kuna mwenzake wa kugawana naye kazi hiyo. Mtoto mmoja kubebeshwa mara 30 kila Ijumaa usiku ili shule ishinde, hapana. NFL yenyewe haimpokei kijana mpaka ipite miaka mitatu tangu wakati wa kumaliza sekondari, kwa hiyo kila pigo analolipata leo analipata mbali sana na mshahara huo.

Jambo la pili. Miongoni mwa karatasi hizo kuna ya mtikisiko wa ubongo. Sheria ya Michigan inayotumika tangu 2013 inataka mzazi na mtoto wote wasaini kwamba wamepewa maelezo hayo. Inataka pia mtoto akidhaniwa kuwa ameumia kichwa atolewe uwanjani papo hapo, na asirudi bila kibali cha maandishi cha mtaalamu wa afya. Wengi wetu tunasaini bila kusoma kwa sababu imeandikwa Kiingereza cha kisheria na mtoto amesimama mlangoni na begi, basi linamsubiri. Usisaini siku hiyo. Lete karatasi hapa Jumapili, tuna vijana wawili watatu wa chuo watakaokaa na wewe waisome mstari kwa mstari. Na muulize mtoto wako dalili zake ni zipi, uone kama yeye mwenyewe aliisoma.

Mimi yangu ni hayo. Mwenyekiti amenionyesha saa mara mbili, na mama pale mbele ameinua mkono tangu nilipomtaja Campbell. Karibu mama, uliza.